Mvua, Mlima na Tuta: Habari za Wakulima wa Bustani wa Uluguru

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi mvua zilivyotawala kazi ya wakulima wa bustani katika milima ya Uluguru, na jinsi Serikali ya Kiingereza ilivyojaribu, kati ya mwaka 1950 na 1955, kuwalazimisha watu wale walime kwa kanuni moja katika nchi isiyokuwa na mvua moja. Ghasia za mwaka 1955 zimekwisha kuandikwa mara nyingi kama habari za siasa, na siasa zilikuwamo kweli. Hapa twataka kuzitazama kwa upande wa mvua na udongo. Mtu asiyejua jinsi mvua inavyonyesha Matombo hawezi kuelewa vema kwa nini watu wa huko walikataa matuta, wala kwa nini ndugu zao wa Mgeta, wakaao katika milima ile ile na wasemao lugha ile ile, waliyashika hata wakayafanya kuwa yao.

Yafaa kusema mapema kwamba kwa "mkulima wa bustani" hatumkusudii yule tu aoteshaye mchicha ubavuni mwa nyumba ya mjini, ingawa naye yumo. Katika Uluguru mpaka kati ya bustani na shamba ni mwembamba sana. Nyumba husimama katikati ya migomba, na chini ya migomba huwamo magimbi, viazi vikuu, kunde na mboga za majani. Ukishuka hatua chache bustani imekwisha kuwa shamba la mahindi, wala hapana ua uonyeshao mwisho wa hii na mwanzo wa lile. Neno "bustani" lenyewe tumelipokea kutoka Kiajemi, na asili ya maana yake huko ni mahali penye harufu nzuri. Upande wa mashariki wa Uluguru, ambako mdalasini, iliki na pilipili manga hupandwa karibu na nyumba, maana hiyo ya kale haiko mbali na kweli.

I. Mlima na pepo zake

Milima ya Uluguru ni sehemu ya mnyororo wa milima ya kale uanzao Taita katika Kenya, ukapita Upare, Usambara na Nguru, ukafika Uluguru na kuendelea hata Udzungwa. Jina la nchi na la watu wake hufungamana na neno la Kiluguru lenye maana ya mlima. Hivyo Waluguru ni watu wa milimani kwa jina na kwa makazi. Kilele kirefu, Kimhandu, chapita mita 2,600 juu ya bahari. Mji wa Morogoro, ulioko chini ya pembe ya kaskazini ya milima hiyo, uko kwenye kimo cha mita 500 hivi. Bahari iko mbali kwa kilomita zipatazo 180 upande wa mashariki, na katikati hapana mlima mwingine wenye kimo cha kuzuia upepo.

Jambo hili la mwisho ndilo asili ya mengine yote. Pepo zitokazo baharini zikifika Uluguru hulazimika kupanda, zikipanda hupoa, zikipoa huacha maji yake. Kwa hiyo mteremko wa mashariki, ulioelekea bahari, hupokea mvua nyingi mno: mahali pengine milimita 2,000 kwa mwaka, na pengine karibu 3,000. Upepo ukivuka vilele na kushuka magharibi huwa umekwisha kutua mzigo wake. Ndiyo sababu Mgeta, iliyoko upande wa pili, hupata milimita 1,000 hivi tu, na mji wa Morogoro kati ya 800 na 900.

Majina ya majira ni yale yale ya pwani. Vuli huanza Oktoba na kwisha Desemba. Masika huanza Machi na kwisha Mei. Kati ya hizo mna kiangazi cha mwanzo wa mwaka, na baada ya masika waja wakati mrefu wa ukavu na baridi. Lakini jina moja halielezi jambo moja kila mahali. Mkaaji wa Kinole au Tawa, katika mashariki, asemapo kiangazi hamaanishi kwamba mvua imekoma, bali kwamba imepungua. Karibu kila mwezi huanguka mvua ya kutosha kulowesha mizizi ya mgomba. Mkaaji wa Mgeta asemapo kiangazi amaanisha miezi ya Juni hata Oktoba, wakati ambao asipopata maji ya mfereji hawezi kuotesha kitu. Naye mkaaji wa mjini, mwenye kitalu cha mchicha na matembele kando ya mto Morogoro, amaanisha siku za kuchota maji asubuhi na jioni, akiomba mto usikauke kabla ya vuli.

Hivyo wakulima watatu, wakaao ndani ya mwendo wa siku mbili kwa miguu, hutumia neno moja kwa hali tatu. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutaona mbele jinsi neno jingine, yaani "tuta", lilivyofanya kazi ya namna hiyo hiyo, na kuleta hasara.

II. Hesabu ya mwaka milimani

Watu wa pwani na visiwani walikuwa na hesabu yao ya jua, iliyoanza siku ya Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka. Siku zilihesabiwa kwa makumi, na wazee wenye elimu hiyo waliweza kumwambia mkulima kumi lipi ni la kusafisha shamba, na lipi ni la kupanda. Hesabu hiyo ilifaa katika nchi ya tambarare, ambako mvua ikifika hufika kwa wote. Katika Uluguru isingefaa kitu. Siku moja na ile ile matope huwa ya kuzamisha mguu Kinole, na vumbi huwa la kufumba macho katika tambarare iliyo nyuma ya mlima. Milimani kila bonde lilihitaji mwaka wake.

Kwa hiyo mkulima wa huko alijifunza kusoma dalili zilizo karibu: wingu linapotua juu ya kilele na saa linapoondoka, upepo unapogeuka, kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua za kwanza. Tena hakuweka tumaini lake mahali pamoja. Ilikuwa desturi, na hata leo ingaliko, nyumba moja kuwa na vipande kadhaa vya ardhi katika vimo mbalimbali, kimoja chini karibu na bonde, kimoja kando ya nyumba, na kingine juu karibu na msitu. Vuli ikikosa chini, ilikuwapo juu. Masika yakizidi juu na kuozesha maharage, ya chini yalipona. Mgeni huona vipande hivi vilivyotawanyika akadhani ni uvivu wa kupanga. Kwa kweli ni bima, nayo ni ya kale kuliko bima yo yote iliyoandikwa kwa karatasi.

Yatupasa pia kutambua kwamba shida za pande mbili za mlima si moja. Magharibi shida ni maji kuwa machache katika miezi fulani. Mashariki shida ni maji kuwa mengi: mvua hupiga udongo, huuteremsha, huozesha mahindi kabla ya kukauka, na hulainisha mteremko mzima. Dawa ya mkulima wa mashariki ilikuwa kutouacha udongo wazi. Alichanganya migomba, magimbi, miti ya matunda na mazao ya msimu, ili majani yapokee tone la mvua kabla halijagusa ardhi. Upande wa Mgeta dawa ilikuwa nyingine: wakati wa kupalilia mkulima alilaza magugu na majani kwa mistari iliyokata mteremko, akayafukia kwa udongo aliouvuta kutoka juu. Hapo shamba likawa na vidaraja vidogo vidogo kama ngazi, na majani yaliyooza yakawa mbolea ya mwaka uliofuata. Ngazi hizi hazikuwa za kudumu. Zilisogea kila msimu na kufanywa upya, na kazi yake haikupita nguvu za watu wa nyumba moja.

III. Wenye mvua

Katika nchi iliyotawaliwa na mvua kiasi hiki, si ajabu kwamba utawala wa watu nao ulifungamana na mvua. Mkubwa aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kingalu, mwenye makao Kinole, ambaye cheo chake hurithiwa pamoja na jina. Sifa yake ya kwanza haikuwa vita bali mvua: watu walimpelekea zawadi ili mvua zije kwa wakati. Twaona kwamba Kinole iko upande ule ule ambao mvua haikosekani. Mkaaji wa tambarare aliyetazama wingu likikaa daima juu ya nchi ya Kingalu, huku shamba lake mwenyewe likipasuka kwa jua, hakuwa mjinga alipoamini kwamba ufunguo wa mvua uko kule juu. Kwa namna fulani alisema kweli, ingawa aliyeushika ufunguo alikuwa mlima.

Mvua ilijua pia kuadhibu. Mji wa Simbamwene, uliojengwa na Kisabengo mahali palipo Morogoro ya leo, ukarithiwa na binti yake ambaye jina lake ndilo lililoshika mji, ulitembelewa na msafiri Henry Morton Stanley katika masika ya mwaka 1871. Aliusifu kwa ukuta wake wa mawe na kwa uzuri wa mlima ulio nyuma yake. Aliporudi mwaka 1872 alikuta mafuriko ya mto Ngerengere yamechukua sehemu ya ukuta ule pamoja na nyumba nyingi. Ngome iliyotisha majirani haikuwa kitu mbele ya maji yaliyoshuka mlimani kwa siku moja.

IV. Amri ya matuta

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, zama za Wadachi. Serikali hiyo ndiyo iliyoanza kuweka mipaka ya misitu ya hifadhi katika vilele, na Waingereza wakaiendeleza. Kwa hivyo watu walizuiliwa kupanda juu zaidi, nao wakazidi kuongezeka. Na ardhi iliyokuwa ikipumzishwa miaka mingi sasa ililimwa tena kabla haijapata nguvu. Baada ya vita kuu ya pili maofisa wa kilimo walitazama miteremko iliyo wazi na mito iliyogeuka rangi kwa udongo, wakaingiwa na hofu. Hofu yao haikuwa ya bure, maana mto Ruvu, utokao katika milima hii, ndio mto mkubwa ulio karibu na Dar es Salaam, na mji ule ulikuwa ukikua. Yatupasa kuwatendea haki maofisa hao: udongo ulikuwa ukipotea kweli.

Kosa lilikuwa katika dawa. Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Uluguru, ulioanza kutekelezwa mwaka 1950, ulikataza kuchoma moto mashamba, ukakataza kulima kando ya mito na katika miteremko mikali, na juu ya yote ukaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi pana, yaliyokatwa katika mlima na kusawazishwa. Kazi ilihesabiwa na kukaguliwa, na asiyetimiza alishtakiwa katika baraza la wenyeji na kutozwa faini. Utekelezaji uliwekwa mikononi mwa machifu na majumbe, na hivyo wale waliokuwa wakiombwa mvua zamani wakawa wasimamizi wa jembe la Serikali.

Sasa tuitazame ngazi ile katika mteremko wa Matombo. Udongo mweusi wenye rutuba huko ni mwembamba, na chini yake mna udongo mwekundu usio na chakula. Mchimbaji akikata ngazi pana katika mteremko mkali, hana njia ila kuufukia udongo mwema na kuuleta juu ule mbaya. Kasoro hiyo yaweza kutengenezwa kwa samadi, lakini wakulima wa mashariki hawakuwa na ng'ombe, wala zao la bei ya kutosha kununulia mbolea. Mahindi waliyopanda juu ya ngazi mpya yakawa dhaifu kuliko yale ya mteremko wa zamani. Tena ngazi iliyosawazishwa huyakamata maji. Katika nchi kavu hiyo ndiyo faida yake. Katika nchi inyeshewayo milimita 2,000 na zaidi, ni hatari, kwa maana maji yakizama mahali pamoja huulemeza udongo, na ukuta wa ngazi huporomoka juu ya ngazi iliyo chini yake. Hivyo mkulima aliamriwa kuyashika maji mahali ambapo elimu yake yote ilikuwa ya kuyaacha yapite polepole.

Kulikuwako na jambo jingine zaidi ya udongo, nalo ni milki. Ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Mkuu wa ukoo, yaani mndewa, ndiye agawaye. Mtu asiye wa ukoo huweza kupewa kipande alime, akatoa kitu kidogo kiitwacho ngoto kuwa ishara kwamba ardhi si yake. Mazao ya msimu hayaharibu mapatano hayo; lakini mti wa kudumu huleta madai, na ngazi iliyochimbwa kwa miezi mingi huleta madai makubwa zaidi. Ni nani atakayekuwa mwenye ngazi: aliyechimba, au ukoo wenye ardhi? Na kwa kuwa amri ilitoka kwa Serikali, wengi waliuliza swali la tatu, wakihofu kwamba ardhi iliyokwisha kutengenezwa itachukuliwa na Wazungu.

Chama cha TANU kiliundwa Julai 1954, nacho kilikuta milimani manung'uniko yaliyokwisha kuiva. Julai 1955, huko Matombo, umati ulikusanyika kuyakataa matuta. Askari wa polisi walipiga risasi, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo amri ya matuta ikaachwa. Kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke, kilichotolewa mwaka 1960, chaeleza mambo hayo kwa urefu. Na Fosbrooke aliyajua kwa karibu, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa Serikali ya Tanganyika aliyepewa kazi ya kuchunguza maisha ya wenyeji.

V. Neno "tuta"

Hapa wachunguzi wa lugha wana la kusema. Katika Kiswahili cha kawaida tuta ni udongo uliokusanywa ukainuliwa ili kupanda viazi au muhogo. Hulimwa asubuhi na kwisha adhuhuri. Msimu ukipita huvunjwa, na mwaka ujao huwekwa mahali pengine. Tuta halina madai ya milki. Lakini kitu kilichoamriwa mwaka 1950 hakikuwa cha kuinua udongo, bali cha kuukata mlima. Hakikuwa cha msimu, bali cha daima. Kwa kukosa jina jingine kiliitwa tuta, na kwa jina hilo kikaingia katika amri, katika baraza na katika midomo ya waliokipinga.

Hatusemi kwamba ghasia zililetwa na neno. Twasema tu kwamba neno moja lilifunika vitu vitatu: tuta la viazi, kidaraja cha magugu alichokijua mkulima wa Mgeta, na ngazi pana ya bwana shamba. Ofisa aliyesikia kwamba Waluguru wanajua matuta tangu zamani aliweza kudhani kwamba anaomba jambo dogo. Mkulima aliyeambiwa achimbe tuta, kisha akaona kazi aliyowekewa, aliweza kudhani kwamba amedanganywa. Wote wawili walisema Kiswahili, wala hawakuelewana. Kitu kigeni kikipewa jina la kitu cha zamani, yafaa mwenye kulitoa jina aeleze tofauti kabla ya kutoa amri.

VI. Mgeta

Tuvuke sasa mlima. Huko Mgeta watu hawakukosa kunung'unika, lakini ngazi hazikubomolewa; nyingine zingali zikilimwa hata leo. Tofauti ilianza katika mvua na hali ya hewa. Katika vimo vya mita 1,000 hata 2,000 baridi ni ya kutosha kwa mboga za Ulaya, na mapadre wa Roho Mtakatifu pamoja na wageni wengine walikuwa wamekwisha kuzileta mwanzoni mwa karne ya ishirini: kabichi, viazi mviringo, karoti, njegere, na matunda ya nchi za baridi. Mboga hizi hazivumilii mvua ya Matombo, huoza. Zahitaji maji yaliyopimwa, na maji hayo Mgeta inayo, kwa kuwa vijito vitokavyo katika uwanda wa juu wa Lukwangule hutiririka hata katika kiangazi, na mkulima huviongoza kwa mifereji mpaka kwenye bustani yake.

Maji ya mfereji hayakai katika mteremko. Yataka kitalu kilicho sawa. Hapo ngazi ikapata kazi. Ilipokea maji ya kiangazi, ikashika samadi, ikazaa mboga iliyokuwa na soko Morogoro na, kwa njia ya reli na baadaye ya barabara, Dar es Salaam. Fedha ya kabichi ililipa jasho la kuchimba. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kilisaidia kuleta mbuzi wa maziwa kutoka Norway. Majani ya kingo za ngazi yakawa malisho, na samadi ya mbuzi ikarudi bustanini. Hivyo kile kilichokosekana Matombo kwa kila hesabu, yaani maji ya kuongozwa, mbolea na soko, kilipatikana Mgeta. Watu walikuwa wale wale, na ngazi ile ile. Mvua ndiyo iliyokuwa nyingine.

Hata hivyo Mgeta nayo haikusalimika. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimita 100 hivi ilianguka huko kwa muda wa saa tatu, na mamia ya maporomoko yakatokea katika miteremko. Wachunguzi walioyapima, Anders Rapp na Paul Temple miongoni mwao, walikuta kwamba karibu yote yalianza katika mashamba na katika majani mafupi ya ardhi iliyopumzishwa; ndani ya msitu hayakuwako ila kwa nadra. Mizizi mirefu ya miti iliushika mlima pale ambapo ngazi na jembe havikuweza.

VII. Neno la mwisho

Hayo yote si habari za kale tu. Mwezi wa Oktoba 2022 wakaaji wa Dar es Salaam waligawiwa maji kwa zamu kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua sana baada ya mvua kukosekana. Wakati kama huo macho ya watu hugeukia mlimani, na lawama humwangukia mkulima, aliyekata mti au aliyefungua mfereji. Ni hofu ile ile ya mwaka 1950, na yaweza kuzaa amri ile ile.

Lakini liko pia funzo jingine, lililotoka mashariki kwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 2000, katika eneo la Kibungo, lisilo mbali na Matombo, mashirika ya CARE na WWF yalifanya mapatano na wakulima: watumiaji wa maji ya Ruvu walichanga fedha, na mkulima aliyetunza mteremko akalipwa. Watu walichagua miongoni mwa njia kadhaa, wakapanda miti, wakaweka mistari ya majani, wakapanda mananasi. Na wako waliochimba ngazi. Wajukuu wa wale waliokataa matuta wakachimba matuta. Hawakusahau yaliyowapata babu zao. Ila safari hii waliulizwa kwanza, wakalipwa, na ngazi ikachimbwa pale ambapo mwenye shamba aliona inafaa.

Mwaka 2021 soko kuu jipya la mji wa Morogoro lilifunguliwa, likapewa jina la Chifu Kingalu. Wanunuzi waliomo humo huchagua ndizi na viungo vya mashariki, kabichi na karoti za Mgeta, na mchicha wa kando ya mto. Mazao ya mvua tatu juu ya meza moja, chini ya jina la mwenye mvua. Atakayeandika sheria nyingine juu ya milima hii angefanya vema aanzie sokoni hapo, na kumwuliza kila muuzaji swali moja: kwako mvua hunyesha lini, nawe huifanyaje?